Kishingo kwenye Sanduku la Risasi

Nilipoolewa mjini Meru sikujua Kiswahili. Nilitoka Mikinduri na Kimeru changu, nikaingia nyumba ya Waislamu wa Majengo, kwa mchinjaji aliyekuwa akiishi na mama yake. Mume wangu alikuwa mtu wa kuondoka mapema kwenda machinjioni na kurudi jioni akinuka mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo aliyenifundisha lugha ni mama mkwe. Naye alikuwa na jambo moja tu la kuzungumza, nalo ni kuku.

Maneno yangu ya kwanza yakawa taga, atamia, totoa, viza, kideri. Siku wanawake wa mtaa walipokuja kunitazama, mmoja aliniuliza kama nina habari njema ya mtoto. Nikamjibu kwa adabu kwamba bado sijaanza kutaga. Walicheka mpaka chai ikamwagika mkekani. Mama mkwe hakucheka hata kidogo.

"Amejibu sawa," alisema. "Mlitaka aseme nini?"

Mama huyo baba yake alikuwa mpagazi aliyetoka mbali sana huko bara, akachoka kutembea alipofika Meru, akaoa hapo hapo. Mwenyewe alikuwa mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Kuku wake aliwapenda wote, lakini mmoja alimwamini kuliko watu. Alikuwa koo wa kishingo, yaani wale kuku ambao shingo yao haina nyoya hata moja, nyekundu kama imechunwa. Watoto wa jirani walikuwa wakidhani anaumwa. Kumbe ndiye aliyekuwa hodari wa kutotoa kuliko wenzake wote. Ukimwekea mayai, anayakalia kama mtu aliyekalia shamba la urithi.

Banda la kuku lilikuwa nyuma ya nyumba, pembeni kabisa mwa kiwanja. Ikaja Imajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu kupigana na watu wa msituni. Sitaki mtu afikiri nafanya mzaha na miaka ile. Watu waliuawa, watu walichukuliwa wakiwa wamekaa kwenye chakula chao, na vijana niliocheza nao utotoni sikuwaona tena. Lakini mambo ya kuchekesha hayakungoja amani ije kwanza. Yalikuja pamoja na hayo mengine, kwa mlango ule ule.

Kwetu yalianza siku walipokuja watu wa serikali na kamba za kupimia. Wakasema pahali penye banda la kuku ndipo panapofaa kituo cha gadi, wale askari wa kulinda mtaa, maana ukipanda juu pale unaona barabara yote na bonde la mto. Mama mkwe aliwauliza kuku wataona nini. Wakaendelea kuvuta kamba zao. Banda likavunjwa, na mahali pake pakachimbwa handaki la kuzunguka, likapandwa vijiti vilivyochongwa kama mikuki. Ndani wakajenga kibanda cha udongo na mnara wa miti. Wakaweka daraja la mbao la kuinuliwa kwa kamba. Wakaletwa gadi na sajini wao, mtu wa Mbeere upande wa Embu, mrefu, mpole, mwenye meno yaliyochongoka kidogo.

Kuku tuliwahamishia jikoni. Wengine walikubali, ila kishingo alikataa. Alikuwa amezoea kutagia kona ile, na kona ile kwake ilikuwa haijahama. Kila asubuhi alitoka jikoni, akatembea mpaka ukingo wa handaki, akapima kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, akaruka juu ya vile vijiti na kuingia ngomeni. Baada ya muda tukamsikia akitetea ndani. Gadi walikuwa wakila mayai yake na kusifu kazi ya serikali.

Halafu siku moja hakurudi. Mama mkwe alisimama ukingoni mwa handaki akaita, "Sajini! Mmekula kuku wangu?"

Sajini alitokeza kichwa mlangoni. "Hapana, Mama. Lakini kuna shida kidogo. Tafadhali njoo uone."

Daraja likashushwa. Mimi nikafuata nyuma, maana mama mkwe hakwenda popote bila mtu wa kumshikia kanga ya pili. Ndani ya kibanda, chini ya ngazi ya mnara, palikuwa na sanduku la mbao la risasi. Kifuniko chake kilikuwa kimekatika bawaba, kwa hiyo walikuwa wamefunika kwa gunia. Juu ya gunia alikuwa amekaa kishingo, amejitandaza, amefumba jicho, na mayai yakichungulia ubavuni. Gadi walikuwa wamesahau kuyala kwa siku kadhaa kwa sababu ya doria, naye akaona amepewa ruhusa.

"Nikimgusa ananidonoa," sajini alisema, akatuonyesha mkono.

"Usimguse. Ameanza kuatamia."

"Mama, hizo ni risasi za kituo."

"Na hayo ni mayai ya kuku wangu. Ukimwondoa sasa atayasusa, yote yawe viza. Wewe kwenu hamfugi?"

Hapo ndipo alipomshinda. Sajini alikuwa mfugaji. Alichuchumaa akamtazama kishingo kwa muda mrefu, kisha akasema kwao Mbeere kuku wa namna ile wanatafutwa sana kwa sababu hawasumbuliwi na joto. Akauliza kwa sauti ya chini kama angeweza kupata jike mmoja vifaranga wakitotolewa. Mama mkwe akamwahidi. Basi yakawa yamekwisha. Risasi za kulinda Majengo zikawekwa chini ya ulinzi wa kuku.

Mimi niliogopa. Nikamuuliza sajini, kwa kile Kiswahili changu, "Na adui akija?"

"Bunduki iko na risasi ndani yake," alijibu. "Hizo zikiisha, tutasema naye."

Mama mkwe alikagua kiota. Watu wengi kwetu huweka msumari au kipande cha mkaa kwenye kiota, ili radi isiue vifaranga ndani ya mayai. Aliinua pembe ya gunia, akaona risasi zimelala safu kwa safu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa pana chuma cha kutosha," alisema.

Tangu siku hiyo tulikuwa tukivuka daraja kila alasiri kumpelekea kishingo wimbi na maji. Mama mkwe akatoa amri zake. Hakuna kupiga kelele kibandani. Hakuna kuvuta tumbaku karibu na sanduku. Hakuna kufyatua bunduki kwa kujaribu, maana mshindo ni radi tu iliyotengenezwa na watu. Gadi walitii yote. Walianza kutembea kwa kunyata na kusemezana kwa mnong'ono, na watu wa mtaa waliopita barabarani wakaogopa zaidi kuliko mwanzo. Walisema, kituo kikinyamaza hivyo, lazima kuna jambo kubwa linapangwa.

Wakati huo huo mimi nilikuwa na langu moyoni. Habari ililetwa na dereva mmoja wa lori kwamba mama yangu mzazi ni mgonjwa huko Mikinduri, na kwamba wamehamishwa shambani wakaingizwa kwenye kijiji cha kuzungushiwa handaki. Nilikwenda kuomba kibali cha kusafiri. Nikaambiwa nirudi. Nikarudi, nikaambiwa wanawake wa Mikinduri walioko mjini wakae mjini. Nikalia njiani, nikafuta uso, nikaenda kumpa kishingo maji. Sajini aliniona macho mekundu akadhani ni kwa ajili ya kuku. Akaniambia nisiwe na hofu, mayai mengi yana uhai, ameyapima kwa kuyaelekeza kwenye mwanga wa dirisha.

Siku za kutotoa zilikuwa zimekaribia kabisa wakati ofisa alipokuja kukagua. Alikuwa Mzungu kijana, mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na Kiswahili cha kuamrisha. Sisi tulikuwa ndani. Tulisikia gari likisimama, gadi wakipanga mstari, sajini akipiga saluti. Kisha kivuli chake kikajaa mlangoni.

"Fungua sanduku. Mimi nataka hesabu risasi."

"Afande," sajini alisema, "iko kuku."

"Iko nini?"

"Kuku, Afande. Yeye nakalia mayai."

Ofisa alifikiri ni neno la siri ambalo hajaarifiwa. Aliwatazama gadi mmoja mmoja kama anayengoja maelezo. Halafu macho yake yakazoea giza la kibandani, akamwona kishingo na ile shingo yake nyekundu tupu. Akapeleka mkono. Kishingo akamdonoa kwenye kidole cha shahada, akashikilia.

"Nimewaambia asiguswe!" mama mkwe alifoka kutoka pembeni. "Mbona hamsikii nyinyi? Leo au kesho wanatoka hawa!"

Ofisa aliruka. Hakuwa amejua kama ngomeni mna wanawake. Akauliza sisi ni nani, na sajini, ambaye hakuweza kusema uwongo, akajibu, "Hawa ni mama wa kuku, Afande."

Nilidhani tutafungwa wote. Ofisa alitembea huku na huko akipuliza kidole. Mwishowe akaamua jambo. Sanduku lipelekwe kambini kwao ng'ambo ya Makutano, risasi zihesabiwe huko, na kuku atajulikana huko huko. Sajini alishika upande mmoja, gadi mwingine upande wa pili, wakalibeba kama wanaobeba mgonjwa. Kishingo hakunyanyuka. Mama mkwe akavua kanga akamfunika ili asione gari na kushtuka, kisha akapanda nyuma akaketi kando ya sanduku.

"Wewe hapana kuja," ofisa alisema.

"Nani atamshika akitaka kuruka? Wewe?"

Ofisa alitazama kidole chake. Akaingia mbele. Mimi nilipanda kwa sababu kanga ya pili ilikuwa kwangu, na sajini akapanda kwa sababu sanduku lilikuwa lake.

Makutano palikuwa na kizuizi, gogo lililolazwa barabarani, na mlinzi wake alikuwa mzee wa Githongo, mkulima wa kahawa, aliyevalishwa koti la jeshi lililomfika magotini. Aliinama akachungulia nyuma ya gari. Akainua ukingo wa kanga. Akaurudisha taratibu.

"Afande, hapa kuna kuku. Kibali chake kiko wapi?"

Wakati ule kulikuwa na amri. Kuku walikuwa hawapiti kizuizini bila kibali cha bwana wa mifugo, kwa ajili ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, na pia kwa sababu serikali ilihofu vyakula vinapelekwa msituni. Ofisa aliyekuwa mbele ya gari ndiye aliyeileta amri hiyo pale.

"Mimi nasema pita," ofisa alisema.

"Afande, ulisema kuku asipite."

"Ndiyo, mimi nasema. Sasa mimi nasema pita!"

Mzee alisimama wima. "Afande, ulisema hata wewe mwenyewe ukija ukaniambia nipitishe, nisikubali. Ulisema pengine adui amekulazimisha." Akamgeukia mama mkwe, akamtazama kwa makini. "Mama huyu ndiye amekulazimisha?"

Ofisa naye akamtazama. Nadhani alikuwa akijiuliza.

Tukiwa pale pale, tukasikia sauti. Ilikuwa nyembamba sana, kama ya mlango wa kabati dogo. Mama mkwe alipeleka sikio kwenye sanduku, uso wote ukafunguka.

"Wanabisha hodi," alisema.

Mzee wa Githongo alisikia pia. "Afande, kuku ni wangapi humo?"

"Moja."

"Nasikia wengine."

"Hao bado ni mayai," mama mkwe alimwambia. "Mayai hayakukatazwa."

"Mama, mayai hayalii."

Wakaanza kubishana, na ubishi ule naukumbuka mpaka leo kwa sababu hakuna aliyetania. Mzee alisema kilicho na sauti ni kuku. Mama mkwe alisema kilicho ndani ya ganda ni yai, hata kikisoma Kurani. Sajini aliulizwa kama mjuzi, akasema kwa heshima kwamba ganda likishatobolewa mambo hubadilika. Ofisa akasema ataandika kibali mwenyewe hapo hapo, akatoa kalamu. Mzee akasema sawa, lakini kibali lazima kitaje idadi. Kila ofisa alipoandika, kifaranga kingine kikatoka, akakata, akaandika tena. Watu wa sokoni walikuwa wamekwisha kukusanyika. Malori mawili yalisimama nyuma yetu, na madereva wakashuka kuuliza nani amekamatwa.

"Ni kuku," mtu alijibu. "Anazaa."

Sijui ni saa ngapi tulikaa pale. Jua lilikuwa likishuka, na saa ya kafyu, ya kila mtu kuwa ndani, ilikuwa ikija kwa wote, mwenye cheo na asiye na cheo. Kifaranga kimoja kilitoka kwa shida, kimelowa, hakiwezi kuinua kichwa, na kishingo akawa anakikanyaga. Mama mkwe alikichukua, akatafuta pa kukiweka. Alimnyang'anya ofisa kofia yake kwenye goti, akakiweka ndani, akamrudishia.

"Kipulizie," alimwambia. "Taratibu. Si kama unazima taa."

Na yule kijana akakipulizia. Aliinamia kofia yake katikati ya barabara ya Makutano, kila mtu akimwangalia, akapuliza pumzi ya moto kidogo kidogo mpaka kile kitu kikakauka na kuwa na manyoya. Aliinua uso akasema kwamba mama yake huko kwao alifuga kuku.

Kishingo alipotoka mwenyewe kwenye sanduku na watoto wake wote, sajini alikung'uta maganda na kinyesi, akaanza kuhesabu risasi juu ya gunia, kwa kuwa ndizo zilizotuleta. Alichukua moja, akachukua bunduki yake, akajaribu. Haikuingia. Akajaribu nyingine. Ofisa akachukua bunduki, akajaribu yeye. Zilikuwa risasi za bunduki ya aina nyingine kabisa. Tangu kituo kijengwe, sanduku lile lingeweza kuwa na mawe.

Mzee wa kizuizi akachungulia sanduku. "Afande, risasi zinaweza kupita," alisema. "Amri ilikuwa ya kuku tu."

Ofisa alipita na sanduku. Sisi tulirudi Majengo kwa miguu, haraka haraka, vifaranga ndani ya kanga ya pili, sajini mbele akitufungulia njia na bunduki yake yenye risasi zake chache. Gadi walipotuona walianza kuongea kwa sauti ya kawaida, ikatushtua.

Asubuhi yake gari lilirudi. Ofisa alishuka akiwa na karatasi yenye muhuri wa bwana wa mifugo. Alieleza kwamba mzee wa Githongo amepeleka taarifa ya yaliyotokea, neno kwa neno, na kwamba sasa kuku wale wanahesabiwa kuwa walisafirishwa bila kibali. Ilibidi kibali kiwepo. Alikuwa amejaza kila kitu isipokuwa sehemu moja.

"Kuku nakwenda wapi?" aliuliza.

"Hawaendi popote," mama mkwe alisema. "Wako jikoni."

"Hapana. Lazima iko mahali. Kibali iko safari."

Mama mkwe alifikiri. Akanitazama mimi niliyekuwa nikipepeta wimbi, kisha akamtazama ofisa.

"Andika Mikinduri," alisema. "Na mtu wa kuwachunga njiani."

Akaandika. Hivyo ndivyo nilivyopata njia. Mimi mwenyewe nilikataliwa mara mbili, lakini kishingo na watoto wake waliruhusiwa kwenda Mikinduri na kurudi, wakiwa na mwanamke mmoja wa kuwahudumia. Mume wangu alinitafutia nafasi kwenye lori la mfanyabiashara wa mtaa wetu. Nilikaa juu ya magunia ya chumvi, tenga la kuku mapajani. Kila kizuizi walichungulia kwanza tenga, wakasoma karatasi, wakahesabu vifaranga, wakawatakia safari njema. Mimi hawakuniuliza jina.

Mama yangu nilimkuta kwenye kibanda kipya kisicho na hata kivuli cha mgomba. Alikuwa amekonda, lakini aliweza kuketi. Aliponiona mlangoni aliniita mwari wakwa, binti yangu, mara nyingi, akinishika uso kama kipofu. Kisha akaona tenga.

"Kuku huyu amefanywa nini shingoni?" aliuliza kwa Kimeru.

"Ndivyo alivyozaliwa, Mama. Ndiye aliyenileta."

Sikuweza kumweleza. Nilijaribu, na nilipofika pale pa kofia alianza kucheka, akakohoa, akacheka tena, mpaka majirani wakaja kuona kama mgonjwa amezidiwa. Nilimpikia uji. Nilimwogesha. Nililala ubavuni pake usiku wote ule kama mtoto.

Kesho yake, wakati nikijiandaa kurudi, mwewe alishuka uani akanyakua kifaranga kimoja. Nilipiga kelele nikifikiria kibali na ile idadi yake. Mama hakubabaika. Alimtuma jirani, akaletewa kifaranga mwingine wa umri ule ule. Alikuwa na shingo yenye manyoya tele, na alikuwa mweupe kati ya weusi. Kishingo alimdonoa kutoka Mikinduri mpaka mjini. Makutano, mzee wa Githongo alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza, akaona idadi imetimia, akainua gogo.

Mama mkwe naye alikuwa akingoja mlangoni. Alifungua tenga, na hakuhitaji kuhesabu.

"Huyu mweupe si wetu."

"Ni wa nyumbani kwa mama yangu," nilisema. "Mwewe alichukua mmoja."

Alimwinua kifaranga mpaka usawa wa macho yake, akamgeuza huku na huku.

"Basi ni mkwe," alisema. "Mpe maji kwanza yeye."